Haja ya Kufanikiwa
Haja ya kufanikiwa ni msukumo wa kutenda jambo vizuri zaidi, hata pasipo sifa. Mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, aliyeandika juu yake mwaka 1961, alieleza kuwa mwenye haja hii hupenda kazi yenye ugumu wa kadiri: si nyepesi mno, wala si ya kubahatisha. Hutaka pia kujua mapema kama amefaulu.

Mfano wa kazi ya namna hii uko Jimbo, pamoja na Vanga na Kiwegu, katika pwani ya Kenya, ambako kuna mradi wa jamii wa kutunza mikoko na kuuza hati za kupunguza hewa ya ukaa. Mche hupandwa topeni maji yakipwa. Baadaye huonekana umeshika au umekauka. Aliyepanda hupata jibu waziwazi, akajua la kurekebisha.