Nyumba Kuukuu ya Kazi: Ibomolewe au Itengenezwe?

Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma hupita Nanyala, katika wilaya ya Mbozi, nchi ya mawe ya chokaa. Huko watu huchimba mawe, huyapanga katika tanuru na kuyachoma, na yatokayo huwa chokaa nyeupe ya kupaka na kujengea. Katika bonde hilo la Songwe mawe ya chokaa huingia pia katika kiwanda cha saruji. Basi wenyeji wa huko hawahitaji kufundishwa ya kuwa ukuta hauoti kama uyoga. Wajua gharama yake: kuni, moshi, na mgongo wa mchimbaji. Kwa hiyo yafaa tuwaulize wao kwanza: Je, mwenye nyumba kuukuu ya kazi, kama ghala au kiwanda kilichonyamaza, ana haki ya kuibomoa kwa sababu tu ataka nyumba mpya ya biashara?

Wengi watajibu upesi, "Mali ni yake." Jibu hili ni la kweli, ila ni fupi mno. Tuseme mtu wa Mbozi amenunua ghala la kahawa lililojengwa zamani kwa matofali ya kuchoma, naye ataka kuweka maduka. Ghala ni lake kwa hati. Lakini miti iliyoliwa na tanuru siku zile haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya mlima, na ya mvua, na ya watoto waliokuwa hawajazaliwa. Gharama ile imekwisha kulipwa. Akivunja ukuta mzima na kuchoma matofali mengine mahali pake, ataitoza nchi mara ya pili kwa kitu kile kile. Saruji nayo si nyepesi. Chokaa huiva katika moto wa digrii 900 hivi, lakini saruji yataka digrii 1,450. Tena jiwe lenyewe linapoungua hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile itokayo katika moto. Wataalamu wahesabu ya kuwa saruji ya dunia nzima hutoa yapata sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa hiyo itokanayo na kazi za wanadamu. Na mvua zikichelewa Mbozi, mwenye ghala na asiye na ghala huzingoja pamoja.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya shuleni, na kwamba nyumba ya kazi ya kale haiwezi kuleta fedha za leo. Basi na tutazame Unguja. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea kusini hata Durban. Baadaye kazi hiyo ya simu ilikuwa na nyumba yake kubwa Shangani, karibu na pwani. Simu za namna ile zikapitwa na wakati, lakini nyumba haikubomolewa. Ilitengenezwa, na mwaka 1997 ikafunguliwa kuwa hoteli ya Serena.

Jambo linipendezalo zaidi katika matengenezo ya Mji Mkongwe ni habari ya chokaa. Kuta za huko ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa tena, kama mtu avutaye pumzi. Fundi apendaye vitu vigumu huupaka saruji, nayo saruji huuziba. Unyevu hukaa ndani pamoja na chumvi, jiwe humomonyoka nyuma ya plasta iliyo safi machoni, na baada ya miaka plasta yote huanguka kama ganda. Kwa hiyo mafundi wenye busara wameirudia chokaa. Nataka watu wa Nanyala walisikie neno hili, maana wapo vijana wanaoidharau chokaa kuwa ni kitu cha maskini.

Wala mtu asidhani ya kuwa kuiacha nyumba ni sawa na kuitunza. Huko huko Unguja, Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 ilichakaa muda mrefu, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yameanza, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa.

Wazee walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Nakubali, lakini mbachao wenye kunguni je? Majengo mengi ya kazi ya zamani yaliezekwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Paa la namna hiyo na liondolewe na mafundi wenye vifaa, lisipigwe nyundo na vijana ili kuokoa shilingi. Kutengeneza si kuabudu kila tofali. Kule Cape Town kuna ghala la nafaka la zege lililomalizika mwaka 1924. Lilipogeuzwa kuwa nyumba ya sanaa na hoteli, likafunguliwa mwaka 2017, mafundi walikata matumbo ya mapipa yake makubwa ili watu wapate ukumbi.

Lakini swali gumu zaidi halihusu ukuta. Turudi kwa yule mtu wetu wa Mbozi. Tuseme amelitengeneza ghala vema kwa chokaa ya Nanyala, ameweka madirisha, kodi imepanda. Zamani chini ya upenu wake alikaa mama muuza maandazi, na kinyozi, na mshona viatu. Sasa walinzi wawaambia, "Ondokeni, mwachafua duka." Matofali yameokolewa, watu wametupwa. Mimi nasema huyo hajamaliza kazi, maana wale walilitumia ghala hata siku lilipokuwa halina faida kwa mtu mwingine. Kutaka faida si kosa, na sheria huenda isimbane. Walakini aweza kuuacha upenu, upana wa hatua mbili, upande wa barabara, kwa kodi ndogo ya siku. Hatua hizo mbili hazitampunguzia hata duka moja, na mvua ya Machi ikinyesha, wateja wake nao watapata mahali pa kusimama.