Andikeni Namba Kabla ya Kipimo

Wanangu mnaosoma fizikia katika skuli za Unguja, nina neno nanyi. Simu zenu zinakuleteeni kila siku habari za wataalamu wanaodai wamepata uzito wa chembe ziitwazo nyutrino kwa kukokotoa umbo la pande za ulimwengu zisizoonekana. Msiyadharau hayo, wala msiyameze mazimamazima.

Nyutrino za Jua zaidi ya bilioni 60 hupenya kila sentimita mraba ya miili yenu kila sekunde, na hamhisi kitu. Zamani wengi walidhani hazina uzito kabisa. Mwaka 1998 watafiti wa Super-Kamiokande, Japani, walionesha kuwa hubadilika aina zikiwa njiani, na zisingebadilika hivyo kama zote hazina uzito. Lakini ni uzito kiduchu mno: mwaka 2025 jaribio la KATRIN la Ujerumani lilitangaza kuwa hauzidi elektrovolti 0.45, hali elektroni ina 511,000.

Kwa nini mdogo hivyo? Mwaka huohuo wa 1998, wanafizikia Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na wenzao walileta wazo. Tuseme zipo dimensheni nyingine, yaani zile pande zisizoonekana, zaidi ya urefu, upana na kimo. Chembe za kawaida zimenasa huku kwetu, ila nyutrino ina mwenza anayezurura katika nafasi ile iliyofichika. Nafasi ikiwa kubwa, wawili hao hukutana kwa nadra, na uzito unaotokana na kukutana kwao huwa mdogo.

Wazo zuri, wallahi. Sasa litazameni kama watu wa pwani. Jedwali la kupwa na kujaa hupigwa chapa kabla mwaka haujaanza. Kina mama wa mwani wa Paje hushuka mashambani mwao maji yakipwa wakati wa bamvu. Jedwali likikosea, wao ndio wa kwanza kujua, na aliyelitunga hana pa kujificha.

Kwa hiyo mwenye kanuni muulizeni: namba hii ilikuwa inajulikana kabla hujaanza hesabu? Umeacha vigezo vingapi ili uvisogeze upendavyo? Nyutrino zina uzito wa aina tatu tu. Mwenye vigezo vitano vya kuchezea hashindwi kuzifikia namba tatu.

Mradi wa MINOS, Marekani, ulikwenda kulipima wazo la akina Arkani-Hamed. Ulirusha nyutrino kutoka Fermilab, karibu na Chicago, hadi mgodi wa Soudan, kilomita 735, ukitafuta dalili za dimensheni hizo. Mwaka 2016 ukatangaza haukuziona: kwa nadharia ile, kama ipo dimensheni kubwa, haifiki nusu ya mikromita. Hiyo nayo ni elimu. Aliyetabiri kubwa kuliko hapo, arudi ubaoni.

Wahenga walituusia: usisafirie nyota ya mwenzio. Msiamini jambo kwa kuwa profesa mkubwa kaliamini. Zishikeni hesabu wenyewe. Na si lazima mwende Ulaya kwa hilo: Kigali kuna taasisi ya utafiti wa sayansi ya msingi iliyofunguliwa 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ikishirikiana na kituo alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam kule Trieste, Italia, mwaka 1964.

Na siku mtakapokuwa na kanuni yenu, andikeni namba kabla ya kipimo, mtie tarehe na saini, kisha mngoje.