Wafu Wasio na Matanga

Katika Halloween II ya mwaka 1981 kuna baba mmoja ambaye sijaacha kumfikiria. Ni mkuu wa polisi wa Haddonfield, mji mdogo wa kubuni huko Marekani, ambako usiku huo kichaa mwenye kisu anapita nyumba hadi nyumba. Baba huyo anafika mahali maiti zinapotolewa, shuka linafunuliwa, na aliyelala chini yake ni binti yake, Annie. Anamgeukia daktari aliyekuwa akimtibu yule muuaji, anamlaani kwa kumwachia atoke, halafu anaondoka kwenda nyumbani kumpa mkewe habari. Kamera haimfuati. Filamu inarudi kwa Michael Myers na kinyago chake cheupe.

Kwetu Mbeya na Iringa, kisa kingeanzia pale baba anapofika nyumbani. Turubai lingefungwa, moto ungewashwa uani, wanaume wangelala nje na baridi ile ya Juni, wanawake wangekaa chini kwenye mikeka wakimzunguka mama yake Annie. Daftari la rambirambi lingefunguliwa. Siku ya maziko mtu angesimama na karatasi asome wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alibatizwa na nani, ameacha nani. Awe mtoto wa shule au mzee wa miaka tisini, hakuna anayeshushwa kaburini kabla watu hawajasikia kwamba aliishi.

Mimi ni mpenzi wa filamu za kutisha, hasa zile za kuchinjana. Nimezipenda tangu enzi za mabanda ya video ya Mwanjelwa na Kihesa, kanda za VHS na baadaye sidii, sauti ya mtafsiri ikipanda juu ya sauti ya wazungu. Bado nazipenda. Lakini kadiri ninavyozitazama, na hasa miendelezo yake, ndivyo ninavyoamini kwamba kilicho kikubwa ndani yake si damu wala kisu. Filamu hizi zinauliza mwisho ni kitu gani, na nyingi zinalijibu swali hilo kwa kulikimbia.

Kifo kina sehemu mbili. Ya kwanza humpata mtu mmoja, na inaweza kumalizika kwa sekunde. Ya pili hufanywa na waliobaki, nayo huchukua siku, wakati mwingine miaka: kuosha, kuzika, kulia, kuanua matanga, kugawa nguo za marehemu, kumtaja kwenye ibada, kumrithisha mtoto jina. Sehemu ya kwanza peke yake haijawa mwisho, maana mwisho hutengenezwa na watu. Filamu ya kuchinjana inakuonyesha sehemu ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, kwa mwanga na muziki na subira, halafu inaikata ya pili. Kwa hiyo haiwezi kwisha. Mwaka 1978, mwishoni mwa Halloween ya kwanza, Michael anapigwa risasi, anaanguka kutoka ghorofani, na daktari akichungulia chini anaona majani matupu. John Carpenter aliitengeneza filamu hiyo kwa takriban dola 325,000, ikaingiza makumi ya mamilioni. Wenye fedha waliyaona majani yale matupu wakajua kuna sehemu ya pili.

Katika mabanda yetu tulikuwa na kanuni moja isiyopingwa: steringi hafi. Ukikaa kwenye benchi, kazi yako ya kwanza ni kumtambua steringi, na ukishamtambua moyo unatulia, hata akizingirwa na watu mia wenye bunduki. Filamu za kuchinjana ziliivuruga kanuni hiyo kwa namna iliyotuchukua muda kuielewa. Asiyekufa alikuwa adui. Wengine wote, wazuri kwa wabaya, walikuwa wakipita njia. Kweli, kuna yule msichana anayebaki hai mpaka mwisho, ambaye mwanazuoni wa Marekani Carol Clover alimwandikia uchambuzi maarufu mwaka 1987. Lakini msichana hubadilika kutoka filamu hadi filamu, au huuawa dakika za mwanzo za muendelezo ili njia iwe wazi. Anayerudi na sura ile ile, kinyago kile kile na muziki ule ule ni muuaji. Leo waulize vijana wowote wanaopenda filamu hizi wakutajie majina: Michael, Jason, Freddy. Waulize na majina ya waliouawa.

Noël Carroll, mwanafalsafa aliyeandika kitabu kizima juu ya kitisho mwaka 1990, aliuliza kwa nini mtu atoe fedha yake akaogopeshwe. Alijibu kwamba kinachotuvuta ni udadisi: tunataka kujua lile zimwi ni nini, limetoka wapi, lina nguvu gani, na hofu ni gharama tunayolipa ili tujue. Kwa filamu ya kwanza ni jibu zuri, ila kwa ya pili linaanza kuyumba, na ikifika ya nne halisimami tena. Mwaka 1982 watengenezaji wa Halloween walijaribu kutoa sehemu ya tatu yenye kisa kipya kabisa, bila Michael Myers. Kama udadisi ndio unaotuvuta, watazamaji wangeshangilia. Waliikataa, na mwaka 1988 sehemu ya nne ilitangazwa kwa kichwa chenye habari moja tu: Michael amerudi. Watu walimtaka yule wanayemjua.

Nadhani tunarudi kwa sababu msiba haujamalizika. Filamu iliyopita imetuacha na maiti ambazo hazikuliliwa, na ndani yetu kuna kitu kinachokataa kuondoka wakati kaburi liko wazi. Tunakuja tukitumaini kwamba safari hii litafukiwa. Muuza filamu analijua tumaini hilo, na riziki yake iko katika kutolitimiza. Wenzetu wa Bongo Movie waliijua biashara hiyo vilevile: kwa miaka mingi kisa kimoja kilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila kimoja na sidii yake na bei yake, na cha kwanza kiliishia pale pale unaposhika pumzi.

Wazo kwamba aliyekufa bila kuagwa hatulii si geni kusini kwetu. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957 jinsi taratibu za msiba zilivyokuwa na kazi mbili zinazofuatana: kwanza kumwondoa marehemu katika miili na ndoto za wafiwa, kisha kumrudisha nyumbani kwa heshima, akiwa sasa mmoja wa wahenga. Aliyeruka taratibu hizo aliaminiwa kuwa hatarini kupata wazimu. Unaweza usiyaamini hayo kama dini. Kama elimu ya nafsi ya binadamu, sijasoma maelezo bora zaidi ya kwa nini Freddy Krueger, muuaji wa ndotoni nitakayemfikia hapa chini, anawajia watoto usingizini.

Na Iringa ina jeraha lake. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Wakamkuta amekufa, wakamkata kichwa. Mwaka 1919 suala la fuvu lake liliingizwa katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, likaandikwa pamoja na mambo ya mipaka na fidia za vita. Bado ilipita miaka mingine 35. Juni 1954 Gavana Twining alilikabidhi fuvu Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, na liko hapo hadi leo, wakati kaburi la mwili liko Mlambalasi. Watu wa nje hushangaa kwamba jamii nzima ilidai mfupa kwa zaidi ya nusu karne. Mtu aliyewahi kulala msibani hashangai. Wahehe walikuwa wakidai haki ya kumaliza.

Sasa tazama ni nani anayeruhusiwa kulia katika filamu hizi. Friday the 13th ya mwaka 1980 wengi huikumbuka kama filamu ya Jason, ingawa muuaji wake ni Bi Pamela Voorhees, mama aliyefiwa na mwanawe ziwani kwa uzembe wa vijana waliopaswa kumwangalia. Jason anashika kazi katika sehemu ya pili, na kinyago kile cha mpira wa magongo anakivaa katika ya tatu. Ya nne, ya mwaka 1984, iliitwa sura ya mwisho. Mwaka uliofuata ikaja ya tano, na muuaji wake ni baba, mhudumu wa gari la wagonjwa, ambaye aliitwa kuchukua maiti akakuta ni ya mwanawe. Mfululizo huu umejaa vijana waliouawa, lakini watu walioomboleza kwa uzito mpaka tukauona uchungu wao ni wawili, mama na baba, wote wauaji. Kana kwamba filamu inasema kulia ni ugonjwa. Ninaziona sehemu hizi kila zinapopita mbele yangu na ninatetemeka zinapotaka nitetemeke, lakini jambo hili siwezi kuzisamehe.

Mwongozaji Wes Craven alikuwa na akili nyingine. A Nightmare on Elm Street ya mwaka 1984 ndiyo filamu ya Kimarekani iliyo karibu zaidi na Mbeya ninayoijua. Freddy aliwaua watoto. Alikamatwa, kesi ikavunjika kwa sababu hati ya upekuzi haikusainiwa panapotakiwa, akaachiwa. Wazazi wakakusanyika, wakamfuata alikojificha, wakammwagia petroli, wakamchoma. Redio zetu zina maneno yao ya siku zote kwa jambo hilo: wananchi wenye hasira kali. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimelitaja mwaka baada ya mwaka, na mikoa yetu ya kusini haijasalimika, iwe ni mwizi wa kuku au kikongwe anayetuhumiwa uchawi.

Craven hakuishia kwenye moto. Alionyesha kinachofuata, yaani ukimya. Wazazi wa mtaa ule walikubaliana kutosema. Mama yake Nancy, msichana mkuu wa filamu, ameficha glovu ya visu ya Freddy chini ya nyumba, anakunywa pombe mchana kutwa, na binti yake anapouliza kwa nini wenzake wanafia usingizini anaambiwa alale. Anayeuawa na umati hana hukumu iliyoandikwa, na waliomuua hawana pa kutubia kwa sababu kwa kauli yao hakuna aliyeua. Kila mtu alikuwepo, hakuna aliyeona. Kifo cha namna hiyo hakina wa kukifunga. Watoto hurithi hofu ambayo hawajaambiwa asili yake.

Ndiyo maana muendelezo bora wa filamu hizi zote, kwa hukumu yangu, ni sehemu ya tatu ya Elm Street, Dream Warriors ya mwaka 1987. Humo inagundulika kwamba mifupa ya Freddy ilifichwa ndani ya buti la gari bovu kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Anayejua mahali hapo ni baba yake Nancy, polisi wa zamani, na siri hiyo imemla mpaka amekuwa mlevi. Dawa inayopatikana si kisu kikubwa zaidi: mifupa izikwe, kwa msalaba na maji ya baraka. Nancy mwenyewe anauawa, na filamu inasimama ili azikwe, jeneza na waombolezaji wote wakionekana. Kwa mara moja mfululizo huu ulielewa kwamba kukoma kwa uovu na kuagwa kwa wafu ni kazi moja.

Mwaka mmoja baadaye ikatoka sehemu ya nne. Mbwa anakojoa moto juu ya kaburi lile, mifupa inajiunga, Freddy anafufuka, na wale watatu waliookoka katika sehemu ya tatu wanauawa mmoja baada ya mwingine. Filamu iliingiza fedha nyingi. Toka hapo Freddy akawa mchekeshaji, watoto wakinunua sura yake dukani. Tulimzoea, na kumzoea muuaji ni kuwaacha aliowaua.

Najua atakayeniuliza: wewe mtu wa kusini, unapataje raha katika haya? Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoani Mbeya watu waliuawa na kuchunwa ngozi. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, na nchi nzima ilishtuka. Swali hilo ni la haki, na jibu langu halitokani na burudani. Hofu iliyokuja bila kuitwa hukufunga mdomo. Hofu niliyoichagua, nimekaa kwenye benchi katikati ya watu wanaopiga kelele, inanipa nafasi ya kuitazama na kuizungumza tukitoka. Wanaosema mabanda ya video yalizaa wauaji hawakukaa humo. Nakumbuka watafsiri wa mtaani waliokuwa wakiwapa wahusika majina ya kwetu, na msichana akichomwa kisu mtafsiri alishusha sauti akasema dada yetu ametutoka. Banda lilinyamaza. Mtafsiri alikuwa ametia matanga mahali ambapo Hollywood iliyakata.

Filamu zinazostahili kubaki ni zile zinazofanya kama mtafsiri yule. Scream ya mwaka 1996 inatukutanisha na msichana wake mkuu, Sidney, akiwa bado na msiba wa mama yake, na ndiyo sababu filamu ile inauma. Halloween ya mwaka 2018 ilifuta miendelezo yote iliyotangulia, ikampa Laurie Strode, yule msichana aliyebaki hai katika filamu ya 1978, miaka 40 ya kutolala vizuri na binti aliyechoka kuishi na hofu ya mama. Ilikuwa sahihi pia kufuta udugu kati ya Laurie na Michael uliobuniwa katika sehemu ya pili. Kwetu kila kifo kimeshatafutiwa ndugu au jirani wa kulaumiwa. Muuaji asiye na undugu nawe wala sababu ndiye wa kuogopwa.

Mussa Banzi alithubutu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutupa filamu ya kutisha kwa Kiswahili, Nsyuka, yenye jina la Kinyakyusa. Ninyi vijana mnaoshika kamera leo Mbeya na Iringa, tengenezeni nyingine. Tutisheni mpaka tushindwe kutoka nje usiku. Na mkiamua kutoa sehemu ya pili, ianzeni msibani: turubai, moto, mama amekaa chini, na mtu anasimama kusoma jina kamili la aliyeuawa katika sehemu ya kwanza.