Mungu Yuko Upande wa Nani Vitani?



Habari za mapigano ya nyumbani zikitufikia, wapo kati yetu wanaoshangilia, na wapo wanaolia. Jumapili wote tunakaa ibada moja, na kila mtu moyoni anamwomba Mungu awape ushindi walio wake. Je, Mungu yuko upande wa nani? Tutazame kwanza vita vya mbali, ambavyo hakuna ndugu yetu ndani yake, ili tuone bila hasira.

Tarehe 14 Novemba 1659 majeshi mawili yalipigana karibu na mji wa Nyborg, katika kisiwa cha Fyn nchini Denmaki. Upande mmoja lilikuwa jeshi la Karl X Gustav, mfalme wa Uswidi. Upande wa pili walikuwa Wadenmaki pamoja na washirika wao kutoka Brandenburg, Polandi na Uholanzi. Waswidi walishindwa, na wapatao 2,000 waliuawa. Makamanda wao wakuu wawili walitoroka kwa mashua. Askari wadogo hawakuwa na mashua; walijifungia mjini, meli za Kiholanzi zikawapiga mizinga, kesho yake wakajisalimisha.

Tuangalie imani yao. Waswidi walikuwa Walutheri, na Wadenmaki vilevile Walutheri. Watoto wa nchi zote mbili walifundishwa katekisimu moja. Tena waliokuja kuwasaidia Wadenmaki walikuwemo Wakatoliki na Wakalvini. Kumbe waliotenganishwa na vita hawakutenganishwa na dini. Waligombania mikoa, na njia ya bahari ambayo meli zililipia ushuru.

Nani alianza? Mwaka 1657 Denmaki ilitangaza vita. Februari 1658 ilishindwa, ikatoa mikoa yake kwa mkataba wa Roskilde. Agosti mwaka huohuo mfalme wa Uswidi akauvunja mkataba, akauzingira mji wa Copenhagen. Ukianza kuhesabu mwaka 1657, mkosaji ni huyu. Ukianza Agosti 1658, mkosaji ni yule. Sisi nasi, kila mmoja ana mwaka wake wa kuanzia kuhesabu.

Na wakulima? Adui aliwanyang'anya nafaka na ng'ombe, na askari waliokuja kuwaokoa wakawanyang'anya pia.

Mtu atauliza, "Mchungaji, basi haki na dhuluma ni sawa?" Hasha! Kuvunja mkataba ni dhambi, hata akiuvunja mfalme anayesali. Mungu anachukia dhuluma. Lakini kuchukia dhuluma hakumfanyi kuwa askari wetu. Katika Yoshua 5:13-14, Yoshua alimwuliza yule aliyeshika upanga kama ni wa Israeli au wa adui. Hakupewa jibu alilolitaka. Jemadari yule alikuja kwa ajili ya Bwana, na Yoshua akaanguka kifudifudi.

Tujipime hivi: ombi la haki twaweza kuliomba kwa sauti, tukiwa tumeshikana mikono na jirani wa kabila lile lingine, naye akasema Amina. Ombi la ushindi wa watu wetu inabidi tulinong'one asisikie. Ombi ambalo ndugu katika Kristo hawezi kuliitikia, tuliogope.

Hatumwambii mama aliyeuliwa mwanawe asilie mbele za Mungu. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo, na Mungu huvisikia. Amwambie yote. Lakini kumlilia Mungu ni jambo moja, na kumwamuru aue ni jambo jingine. Tena Bwana alituagiza kuwaombea hata wanaotuudhi (Mathayo 5:44).

Amani ilitiwa sahihi mwaka 1660. Denmaki ilirudishiwa kisiwa cha Bornholm, lakini mkoa wa Skåne ulibaki mikononi mwa Uswidi, ingawa Wadenmaki walishinda Nyborg. Mwaka 1675 watu haohao wakapigana tena, Walutheri kwa Walutheri. Ushindi ulipatikana, upatanisho haukupatikana.

Wiki hii, katika vikundi vya maombi, tuwaalike wale ambao kwa kawaida hatuketi nao. Kisha kila mmoja aombe kwa sauti.

Bwana atupe moyo wa kuomba hivyo. Amina.