Shalapo: Haki ya Kuchagua Kilicho Bora

Shalapo ni neno la Kibemba la kuagana. Hulitamka yule anayeondoka, akimwambia anayebaki: wewe salia. Mwaka 1991 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ililifanya neno hilo kuwa jina la albamu, mkusanyiko wa nyimbo za mapenzi za Alick Nkhata zilizotamba miaka ya 1950 katika Zambia ya leo, iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini. Mwimbaji mwenyewe hakuwapo tena: aliuawa Oktoba 1978, majeshi ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, yaliposhambulia Mkushi, alikokuwa na shamba. Msikilizaji anayekaa leo Nchelenge au kwa Chifu Puta, ufuoni mwa Ziwa Mweru, akiicheza albamu hiyo anaagwa na marehemu, na alichoachiwa mkononi ni nyimbo chache zilizochaguliwa na watu wengine kutoka katika kazi ya miaka mingi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo muziki peke yake hauwezi kulijibu. Je, ni haki kumpima mtu kwa kilicho bora alichokifanya na kuyaacha mengine yote?

Wanaoamini siku ya hesabu wamelikabili swali hili kabla ya kuwapo santuri. Surat Az-Zilzala inafundisha kwamba hakuna tendo litakalopotea, la kheri au la shari, hata likiwa na uzito wa chembe. Lakini Surat Az-Zumar, katika aya ya 35, inaahidi kwamba wema watafutiwa yaliyokuwa mabaya zaidi na kulipwa kwa kipimo cha yaliyokuwa bora zaidi. Msomaji wa haraka ataona hapa mambo mawili yanayogongana. Mimi naona utaratibu: kwanza vyote vinaonekana, kisha rehema inachagua. Injili ya Mathayo, sura ya 13, inaweka utaratibu huohuo katika mfano ambao mvuvi wa Mweru hahitaji kufafanuliwa: wavu hukusanya samaki wa kila aina, huvutwa pwani ukishajaa, na hapo tu ndipo watu huketi kuchambua. Ni kweli kwamba mfano ule unachambua watu na aya ile inachambua matendo, na tofauti hiyo si ndogo. Katika jambo moja, hata hivyo, vinakubaliana: hakuna anayechambua wavu ungali majini. Kwa hiyo kuchagua kilicho bora si dhuluma. Dhuluma ni kuchagua kabla ya kusikia vyote.

Ushahidi mzuri unatoka kwa waimbaji wa soul wa Marekani. Novemba 1967 ilitoka albamu ya nyimbo zilizovuma za Otis Redding, ikaitwa historia yake. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo Redding akafa katika ajali ya ndege huko Wisconsin, akiwa na miaka 26. Siku chache tu kabla ya kifo alikuwa amerekodi "(Sittin' On) The Dock of the Bay", wimbo uliotolewa Januari 1968 na kuwa wa kwanza wake kushika nafasi ya juu kabisa katika orodha za Marekani. Historia ilikuwa imeshachapwa bila wimbo ambao dunia ingemkumbuka kwao kuliko wote. Waliouchagua mkusanyiko ule hawakuwa wadanganyifu. Walichambua wavu ukiwa bado majini. Kwetu Afrika Mashariki, mwimbaji Mbaraka Mwinshehe alipofariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, santuri zake zilikusanywa na kutolewa tena kwa jina la Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Jina hilo ni la kiasi zaidi, maana anayekumbusha hadai kwamba amemaliza.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuchagua naliona Luapula, kandokando ya Mweru kwenyewe. Katika desturi ya ukupyana, mtu akifa hafungiwi hesabu: mrithi hupewa jina lake, watoto wa marehemu humwita baba, na jamaa humtambua kwa udugu aliokuwa nao yule aliyetangulia. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeandika juu ya watu wa Luapula mwaka 1959, aliona hata wasimulizi wa historia wakisema "mimi" wanapotaja matendo ya babu aliyekufa zamani. Jina halirithiwi kwa vipande. Linakuja na deni lake, ugomvi wake na ndugu zake wote. Kwa mtazamo huu mkusanyiko wa nyimbo bora ni sawa na mrithi anayetaka shamba na kukataa deni. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Limenifundisha kwamba anayepokea kilicho bora anapaswa kukubali pia kuwa mlinzi wa kilichobaki. Ila hata mrithi hayarudii yote ya marehemu. Anajulikana anatokea wapi, kisha analima, anaoa, anasuluhisha mambo mapya, na katika kuishi kwake anachagua. Anachokatazwa ni kujifanya hakuna kingine.

Wengine watasema ninautukuza uchaguzi ambao kwa kweli hufanywa na mfanyabiashara, na kwamba kipimo chake ni mauzo. Mara nyingi ndivyo. Na Mweru ina funzo lake chungu juu ya kupenda kinachouzika: samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga, akavuliwa kwa nyavu palepale alipokuwa mwingi na mnono, hata kufikia katikati ya karne ya 20 uvuvi wake ukawa umeanguka. Nyimbo nazo zinaweza kuvuliwa hivyo, ishirini zikachapwa tena na tena huku mia moja zikiozea kwenye kanda. Lakini kosa la mfanyabiashara haliubatilishi uchaguzi wenyewe. Linaonyesha tu kwamba kuna wakati wavu unatupwa na mtu asiyejali ziwa. Tena kinachodharauliwa sokoni si lazima kiwe kibaya. Chisense, dagaa wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa, ni wadogo sana, na wanalisha nyumba nyingi.

Nkhata mwenyewe alikuwa mtu wa kusikia vyote. Alifanya kazi katika redio ya Lusaka, iliyotangaza kwa Kibemba na lugha nyingine za Kiafrika, na kabla ya hapo alisafiri na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kurekodi muziki wa vijijini, ukiwamo wa watu ambao hawangepata kamwe kuuza santuri moja. Tangu 1949 redio ndogo za betri, za duara kama sufuria, zilipeleka sauti hizo hadi vijiji visivyokuwa na umeme. Mtu wa namna hiyo anastahili albamu yake nzuri, nami naipokea bila kinyongo. Ila wewe uliye na santuri au kanda za zamani, iwe Kashikishi, Pweto, Kigoma au Dar es Salaam, usitupe upande wa pili ambao haukuvuma. Andika jina la mwimbaji na mwaka kama unaujua, na nakala yake uipeleke kwenye maktaba au kituo cha redio kilicho karibu nawe, ungali hai na ungali unakumbuka.