Damu ya Mtu na Mfano Wake

Imo katika damu ya kila mwanadamu protini iitwayo transferini, ambayo wataalamu Schade na Caroline waliibainisha huko Marekani mwaka 1946, na kazi yake ni uchukuzi: hubeba chembe mbili za chuma, huingia nazo ndani ya seli, huzitua humo, kisha hutoka tupu kutafuta mzigo mwingine, kama msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, aliyekwisha kushusha makaa sokoni Butembo, mashariki mwa Kongo, akageuza gurudumu kurudi mlimani. Zamani, aliyetaka kukuza seli katika chupa za maabara hakuwa na budi kuzilisha seramu ya ng'ombe, au transferini iliyochujwa katika damu ya watu, na hofu ya maradhi yaliyojificha humo ikamfuata. Siku hizi maagizo ya kinasaba cha binadamu hutiwa katika hamira au katika mpunga, na mpunga ukaitengeneza protini hiyo ndani ya punje zake. Ikishika chuma na kuyeyushwa, maji yake huwa na wekundu uliopauka, hata mtazamaji aweza kudhani ni damu iliyozimuliwa, ilhali halimo hata tone moja lililopita katika moyo wa mtu.

Je, kitu hicho ni cha insani? Torati, katika Mambo ya Walawi, imekataza kula damu kwa hoja kwamba uhai wa mwili umo ndani yake, na mafakihi wa Kiislamu wameihesabu damu iliyomwagika kuwa najisi na thamani yake kuwa haramu. Lakini wote hao walizungumza juu ya damu iliyotoka mshipani, wala hapana aliyewauliza juu ya protini ya mtu iliyomea shambani. Rai yangu ni kwamba katika dhati yake kitu hicho hakina utakatifu wowote, na asiyekula damu hana sababu ya kukiogopa. Utakatifu, ikiwa upo, umo katika asili yake: maagizo yale yalisomwa kwanza katika mwili wa mtu, na mtu huyo ana haki ambazo mpunga hauna.

Wenyeji wa Beni na Butembo walilikuta swali hili bila ya kulitafuta. Ebola ilitangazwa katika jimbo lao la Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kabla haijakoma Juni 2020 ikiwa imeua watu 2,287, dawa 4 zilijaribiwa kwa wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mojawapo, ZMapp, ilitengenezwa katika majani ya jamii ya tumbaku, na nusu ya waliopewa walikufa. Nyingine, mAb114, ambayo vifo vyake vilikuwa 35 katika kila mia, ilikuwa kingamwili iliyopatikana katika damu ya Mkongo aliyepona Ebola iliyozuka mjini Kikwit mwaka 1995, ikasomwa maabarani, kisha ikazalishwa katika seli za mnyama mdogo aitwaye hamsta. Mgonjwa aliyelala Beni katika chumba cha plastiki angavu, jamaa zake wakimtazama kutoka nje, alitiwa mshipani kinga ya mtu asiyemjua, isiyokuwa na damu ya mtu huyo hata kidogo. Mimi naiita hiyo sadaka, ijapokuwa mtoaji hakuweza kukadiria itafika wapi.

Lakini sadaka yataka ridhaa na uwazi, navyo vilipungua. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya maradhi yale na ya ukosefu wa usalama, watu waliozoea kuchinjwa na waasi bila ya kuhurumiwa na ulimwengu wakaona magari ya wageni yakifurika ghafula, na neno "biashara ya Ebola" likaenea. Kuchoma vituo vya tiba na kuua waganga, kama ilivyotokea huko, ni dhulma isiyo na udhuru. Ila kuuliza damu yetu yaenda wapi si ujinga. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo, ambaye mwaka 1976 alivuta damu ya mtawa mgonjwa iliyopelekwa Ubelgiji, na huko kirusi cha Ebola kikatambuliwa, alitamka mwaka 2019 kwamba damu zilizokusanywa katika mlipuko ule zitabaki Kongo, na atakaye kuzichunguza azifuate huko. Naye si mjinga.

Mpunga waweza kutuondolea haja ya kuchuja damu ya watu kila siku, nayo ni fadhila kubwa. Lakini deni letu kwa mtu wa kwanza aliyetoa damu yake hauwezi kulifuta. Basi yeyote atakayechoma sindano mkono wa mtu wa Beni au Butembo, mwenyeji au mgeni, na amwambie kwanza, kwa Kiswahili au kwa Kinande, lugha ya huko, damu hiyo inakwenda wapi, itatunzwa na nani, na dawa itakayotokana nayo itamrudia kwa njia gani.