Mwili wa Mama na Haki ya Pambo

Yako maneno mawili yasemwayo katika miji yetu juu ya mwanamke aliyekwisha kuzaa, na kila moja hujidai kuwa ni kinyume cha mwenziwe. La kwanza lasema: huyu sasa ni mama wa watu, mapambo ni ya wanawali, yeye na avae kilicho karibu aangalie wanawe. La pili, ambalo siku hizi limeshika nguvu kwa picha zipitazo katika simu, lasema: na ajinyime, ajikaze, ajihimize, hata arudi kama alivyokuwa kabla ya kuchukua mimba. Hilo la kwanza lamtoa katika uzuri, na la pili lamuahidi kumrejesha. Lakini tukiyatazama kwa makini twaona yote mawili yamesimama juu ya msingi mmoja, nao ni kwamba mwili uliozaa ni mwili ulioharibika. Msingi huo ndio tunaotaka kuupima.

Tuanze na lijulikanalo kwa yakini. Tumbo la uzazi lililokua kwa miezi tisa huchukua kiasi cha wiki 6 kurejea karibu na ukubwa wake wa asili, na arubaini ya wazee wetu haiko mbali na hisabu hiyo. Misuli ya mbele ya tumbo, iliyoachana ili kumpa mtoto nafasi, kwa baadhi ya wanawake hukutana tena baada ya miezi michache, na kwa wengine hubaki na mwanya. Nywele hupukutika kwa wingi yapata mwezi wa 3 au wa 4, mzazi akadhani amepatwa na jicho. Kumbe ni zile ambazo mimba ilizizuia zisianguke kwa wakati wake, nazo aghalabu huota tena. Michirizi ya ngozi hufifia lakini haifutiki. Basi mengine hurudi na mengine hayarudi, na yasiyorudi yamebaki kwa kuwa kazi ilifanyika. Kiganja cha baharia kina sugu za kamba, wala hatujasikia mtu akimwambia kuwa mkono wake umeharibika.

Sisi tumezoea kuzilaumu desturi za arusi kwa israfu yake, na hatuachi kuzilaumu. Lakini imo moja ya zamani ambayo yafaa izingatiwe. Katika vitu alivyotoa bwana arusi kwa mama wa mke kulikuwa na mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo ambayo mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni ile ya kumbebea mtoto mgongoni. Yaani siku binti anapoozwa, mtu mgeni huja mbele ya jamaa akatambua, kwa kitu cha kushikika, kwamba kuna tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba, na bila ya hivyo yeye asingepata mke. Hatusemi kuwa wazee hawakuwa na kasoro: mkaja wenyewe wako walioukaza kupita kiasi, na kukaza huko huweza kukandamiza viungo vya chini ambavyo tayari vimechoka. Lakini hawakuona haya kulitaja tumbo la mama siku ya furaha. Nacho Kitabu, katika Sura ya Luqman, kinapotaja udhaifu juu ya udhaifu wa mama mwenye mimba, chautaja kuwa ni sababu ya mtoto kushukuru.

Huenda mtu akauliza: ikiwa mwili huo hauna aibu, pambo la nini? Si aridhike tu? Jawabu limo katika kisa kilichopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Salman alikwenda kumzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo dhalili. Akamuuliza ana nini, naye akamjibu kuwa nduguyo hana haja na dunia. Na tazama alilolifanya Salman. Hakumwambia bibi yule abadili nguo. Alimshughulikia mume, akamfungulisha saumu ya sunna, akamlaza usiku, kisha akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alimsadiki Salman. Ni wangapi miongoni mwetu wasio na udhuru hata wa ibada, ambao hurudi barazani usiku, wakamuona mama watoto katika leso yenye madoa ya maziwa, wakasema moyoni kuwa amejiacha! Aliyeachwa hajajiacha.

Wala pambo halisimami kwa mume peke yake. Mjane je, na aliyetalikiwa? Katika zile haki tatu nafsi imetajwa mbali na watu wa nyumbani, na mwili ni amana hata kama hakuna mwingine autazamaye. Wako pia wasemao kuwa buibui lafunika yote, basi kilicho ndani kina kazi gani. Hao wamesahau kwamba kilicho ndani ndicho kionwacho nyumbani, na mwenye nyumba ni yeye.

Kwa siku arubaini mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufukizwa udi, hulishwa na kuhudumiwa. Siku ya arubaini na moja mashoga huondoka, na aliye mbali na mamake huenda hakuipata hata hiyo arubaini. Hapo ndipo penye uzito. Leso haina kipimo, humkaa bikra na mama wa watoto sita sawasawa, na labda ndiyo sababu imedumu. Gauni la kushonwa lina kumbukumbu. Liko sandukuni lile la zamani, na kila akilifungua lamhukumu. Na alitoe, ampe mdogo wake. Kisha aende kwa fundi, achague rangi aipendayo sasa, aagize kifua kifunguke kwa mbele maadamu ananyonyesha, na fundi ampime upya, aandike tarakimu za leo.